Mtoto Akiuliza Kuhusu Adamu na Zinjanthropus: Namna Ninavyomjibu

Swali lilinikuta mlangoni mwa kanisa, watu wakiwa bado wanasalimiana, kutoka kwa binti wa kidato cha kwanza aliyekuwa amekumbatia daftari lake la historia.

"Shikamoo mama. Jumapili unatufundisha Adamu. Shuleni mwalimu katufundisha zamadamu, akina Zinjanthropus na Homo habilis. Mtihani ukija niandike kipi?"

Nikamwitikia marahaba, nikamwambia aje nyumbani jioni, tena aje na Biblia na penseli.

Nimefundisha baiolojia sekondari miaka 26 hapa Karatu, na shule ya Jumapili miaka 19. Swali hilo nimeulizwa na watoto, na wazazi wao, na mara moja na mwinjilisti aliyenivuta pembeni ili wengine wasisikie. Ninachoandika hapa ni kwa ajili ya mzazi, mwalimu wa shule ya Jumapili au kiongozi wa vijana ambaye limemfikia na hajui aanzie wapi.

Kuna kijana aliyenifanya nilichukue jambo hili kwa uzito. Alikuwa wa kwanza darasani kwangu na mwimbaji wa kwaya ya vijana. Siku moja mhubiri mgeni aliwaambia vijana wachague: ama Biblia, ama mageuko ya viumbe, katikati hakuna njia. Kijana akachagua. Mwezi uleule aliacha kwaya, baadaye akaacha na kanisa, akisema kama imani inavunjwa na fuvu moja basi haikuwa imani. Mimi nilikuwepo siku ya mahubiri yale, nimekaa benchi la tatu, na sikusema neno. Tangu hapo sinyamazi.

Anza kwa kumsikiliza

Usijibu kwa neno moja. Muulize mtoto kwanza ameelewa nini, maana mara nyingi anachopigana nacho si kile alichofundishwa. Maneno yanayotembea mtaani ni "binadamu ametoka kwa nyani". Baiolojia haisemi hivyo. Nyani wanaoingia mashambani kutuibia mahindi ni viumbe wa leo, kama sisi. Kinachosemwa ni kwamba sisi na sokwe tuna wahenga wamoja wa kale mno, walioishi takribani miaka milioni 6 au 7 iliyopita, ambao hawakuwa sokwe wala hawakuwa binadamu. Mimi na binamu yangu tuna babu mmoja; hakuna anayesema nimezaliwa na binamu yangu. Mtoto wa Kiafrika huhitaji kumweleza hilo mara mbili, ukoo anaujua.

Kisha yatenganishe maswali mawili. Yule binti nilimuuliza: "Wewe, nani kakuumba?" Akasema Mungu. "Na kwenye baiolojia mnafundishwa mtoto anapatikanaje?" Akainamisha kichwa kwa aibu, akasema mbegu ya baba na yai la mama. "Sasa hapo nani mwongo?" Akacheka. Kila mama Mkristo aliyemwita mwanawe Neema au Zawadi anajua kwamba mtoto yule alikua tumboni miezi tisa, seli kwa seli, na anajua kwamba alipewa na Mungu. Hajawahi kuona ugomvi hapo. Ninachokuomba ni kuivuta imani hiyohiyo nyuma zaidi, hadi kwenye mwanzo wa viumbe wote.

Mpe Biblia na penseli

Hatua hii usiiruke hata kama una haraka. Mwambie achore mstari mmoja wa kusimama katikati ya karatasi. Upande mmoja aandike mpangilio wa Mwanzo sura ya 1, upande wa pili Mwanzo 2 kuanzia mstari wa 4. Aandike mwenyewe, wewe nyamaza.

Atakuta kwamba katika sura ya 1 mimea inatokea siku ya tatu, jua siku ya nne, wanyama baadaye, na mwanadamu mwishoni, mume na mke kwa pamoja. Katika sura ya 2 mtu anafanywa kwa mavumbi kwenye mstari wa 7, miti inachipushwa mstari wa 9, wanyama wanaumbwa mstari wa 19, na mwanamke anakuja mwisho. Hapo ndipo mtoto anapoinua macho kukutazama, na wengine huogopa. Usimwokoe upesi. Muulize: huyo aliyeziweka sura hizi mbili bega kwa bega, unadhani hakuona? Aliona. Basi hakuwa anatupa ratiba.

Alikuwa anatupa nini? Majirani wa Israeli waliliabudu jua na mwezi. Mwanzo haivitaji hata kwa jina. Inasema tu "mianga miwili mikubwa", kama taa zilizotundikwa na mwenye nyumba. Inasema hakuna mungu mwingine, inasema viumbe ni vyema, inasema mwanadamu, hata mtumwa na mgeni, ana mfano wa Mungu. Hayo hakuna fuvu litakaloyafuta. Kisha mwonyeshe Mwanzo 1:24: "Nchi na izae kiumbe hai." Mungu anaiamuru nchi, na nchi inazaa. Nimesoma mstari huo tangu utoto, na nilikuwa mtu mzima tayari nilipousikia unasema nini.

Mtu akikuambia kusoma hivi ni kuwapigia magoti wanasayansi, mkumbushe Agostino, Mwafrika mwenzetu aliyezaliwa Thagaste, katika Algeria ya leo. Mwanzoni mwa karne ya 5, zaidi ya miaka 1,400 kabla ya kitabu cha Darwin cha mwaka 1859 kuhusu mageuko ya viumbe, aliandika kwamba siku zile sita si lazima ziwe siku za kawaida za jua, na akawaonya Wakristo wanaozungumza mambo ya anga na viumbe bila kuyajua, kwa kuwa wanawafanya watu waidharau injili. Na ile hesabu kwamba dunia iliumbwa mwaka 4004 KK haimo katika Biblia. Ni hesabu ya Askofu Mkuu James Ussher wa Ireland, iliyochapishwa mwaka 1650.

Hapa nitoe onyo moja. Usikimbilie mstari wa Petro kwamba kwa Bwana siku moja ni kama miaka elfu. Nimeusikia ukitumika mara nyingi, nami niliutumia zamani. Hautibu kitu: hata ukiifanya siku kuwa miaka milioni, bado mimea itakuwa imetangulia jua. Mtoto mwerevu ataliona hilo na atakuona wewe ni mtu wa kukwepa.

Mpeleke akaone

Sisi wa Karatu tuna bahati: bonde la Olduvai, alikopatikana Zinjanthropus, liko jirani. Ukiwa mbali, makumbusho yoyote yenye visukuku yatafaa, na wa Dar es Salaam wanalo fuvu lenyewe la Zinjanthropus katika Makumbusho ya Taifa. Lakini ukiweza kufika bondeni, fika. Waambie vijana wabebe sweta, maana ukingo wa Ngorongoro asubuhi ni ukungu na baridi, na maji ya kunywa, maana huko chini ni jua na vumbi.

Mara ya mwisho nilikwenda na vijana 22. Tuliposimama ukingoni sikuwahubiria. Niliwaambia watazame ukuta wa bonde kutoka chini kwenda juu: chini kabisa mwamba mweusi wa lava, juu yake matabaka ya kijivu ya majivu ya volkano na tope la ziwa la zamani, juu yake tena tabaka jekundu. Nikauliza lipi lilitangulia. Kijana mmoja ambaye baba yake ni fundi mwashi akajibu kabla ya wote: "La chini, mama. Huwezi kupiga plasta ukuta haujasimama." Hilo ndilo somo zima la jiolojia ya Olduvai, amelitoa mtoto wa fundi.

Ndani ya matabaka hayo, tarehe 17 Julai 1959, mtafiti Mary Leakey aliona mfupa na meno yakichungulia kwenye udongo, mumewe Louis akiwa amelala kambini anaumwa. Louis alizaliwa Kabete, Kenya, mwaka 1903, na wazazi wake walikuwa wamisionari wa Kianglikana. Hilo vijana huwa hawalitegemei. Fuvu lile, ndilo la Zinjanthropus, lilipewa umri wa miaka milioni 1.75. Na waambie ukweli wote: Zinjanthropus hahesabiwi kuwa babu yetu, bali ni tawi la pembeni la zamadamu lililotoweka.

Wataulizia umri umejulikanaje, na hapa lazima uwe umejiandaa, maana "wanasayansi wamesema" si jibu. Mimi huwaambia hivi. Majivu ya volkano yana potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni. Jiwe likiwa bado limeyeyuka kwa moto, agoni hutoroka. Likipoa, agoni mpya inafungiwa ndani. Ni kama ndoo iliyomwagwa hadi tone la mwisho kisha ikawekwa chini ya bomba linalodondosha: ukijua kasi ya matone na ukapima maji, unajua ilikaa hapo muda gani. Hesabu ile ya milioni 1.75 ilipatikana hivyo na kutangazwa mwaka 1961.

Kisha Laetoli, takribani kilomita 45 kusini mwa Olduvai. Volkano ilimwaga majivu, mvua ikanyesha kidogo, viumbe wakapita kwa miguu miwili, majivu yakaganda kama saruji, yakafunikwa na majivu mengine. Nyayo hizo ziligunduliwa mwaka 1978, njia ya mita kama 27, na umri wake ni miaka milioni 3.66. Hili fanya nalo jaribio nyumbani kabla ya safari. Chekecha majivu ya jikoni, changanya na saruji kidogo, tandaza kwenye karai pana, nyunyiza maji kwa mkono kama manyunyu, na mtoto akanyage bila viatu mara moja tu. Aoshe mguu haraka, saruji inachoma. Kesho yake, ikiwa imekauka, mwambie apitishe kidole: kisigino kimezama zaidi, katikati pana tao, kidole gumba kimelala sambamba na wenzake. Gumba la mguu wa sokwe linakaa upande, kama la mkono wa kushikia tawi. Kisha makumbushoni muonyeshe nakala ya nyayo za Laetoli. Gumba limelala sambamba. Hakuna haja ya kuongeza neno.

Kabla ya kuondoka tulisoma Zaburi 104 yote, tukipokezana, upepo ukipeperusha kurasa. Vijana walifika kwenye wana-simba wanaotafuta chakula chao kwa Mungu, na huku tambarare ya Serengeti iko mbele yao. Sala niliyoomba ilikuwa fupi.

Karibu zaidi: sahani na kidonge

Asiyeweza kusafiri asikate tamaa. Nimezaliwa Ukerewe, na nimekula furu kabla sijajua kusoma. Bibi yangu akiwaanika juani aliweza kuwatenga kwa rangi na kwa midomo. Katika Ziwa Victoria kuna mamia ya aina za furu: wengine hukwangua mwani kwenye mawe, wengine huvunja konokono, wengine hula watoto wa samaki wenzao. Na ziwa lenyewe lilikauka takribani miaka 15,000 iliyopita, kwa hiyo aina hizo nyingi zimechipuka katika muda ambao kijiolojia ni kama usiku mmoja. Sangara alipopandikizwa miaka ya 1950 alikuja kuwamaliza wengi, na hilo bado linaniuma.

Au chukua malaria. Tulimeza klorokwini hadi ikaacha kufanya kazi; mwaka 2001 Tanzania ikahamia dawa iitwayo SP; mwaka 2006 ikahamia dawa mseto. Sababu ni uteuzi asilia wenyewe: vimelea vichache vyenye mabadiliko katika vinasaba vilinusurika dawa, vikazaana, vikawa ndio wengi. Malawi waliiacha klorokwini mwaka 1993, na baada ya miaka michache vimelea vinavyouawa na dawa hiyo vikarudi kuwa wengi. Mkristo anayemeza dawa mseto na kumshukuru Mungu ameshafanya kile ninachojaribu kukieleza.

Selimundu

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo jambo hili liliacha kuwa la darasani kwangu.

Mdogo wangu anaishi Mwanza na ana mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mtoto alipoanza kuvimba vidole na kulia usiku, ndugu wa mume walisema ni laana. Kwenye kikundi cha maombi aliambiwa atubu dhambi aliyoificha. Alifunga hadi akakonda, akitafuta dhambi ambayo haikuwepo. Nilipofika nilimkuta hawezi kumtazama mwanawe usoni.

Nilichukua karatasi nikamchorea visanduku vinne. Baba ana kinasaba kimoja cha selimundu na kimoja kizima, mama vilevile. Wote wawili wazima, hawajui. Kila mimba, nafasi moja kati ya nne mtoto apate cha selimundu kutoka kwa wote wawili, naye ndiye anayeugua. Kisha nikamweleza kwa nini kinasaba hiki kimejaa kandokando ya ziwa letu. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1949, akakuta wenye kinasaba kimoja ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na wachache mno nyanda za juu. Ramani ile ilifanana na ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha jibu: mwenye kinasaba kimoja hukingwa na malaria kali. Kwa vizazi vingi watoto wa namna hiyo walipona wenzao wakifa, nao wakawa wazazi.

Mdogo wangu aliniuliza, "Kwa hiyo bibi zetu waliishi kwa sababu ya kitu hikihiki?"

Nikamwambia inawezekana kabisa. Akalia, ila kilio hicho hakikuwa kile cha siku zote. Kisha tukafungua Yohana 9, wanafunzi wanapouliza nani alitenda dhambi hata mtu yule azaliwe kipofu, na Yesu anawajibu kwamba si yeye wala wazazi wake.

Ukikutana na mama wa namna hii, fuata mpangilio huo: karatasi kwanza, Yohana 9 baadaye, na kliniki siku hiyohiyo. Na kanisani kwako omba kipimo cha selimundu kitajwe kwenye mafundisho ya ndoa, pamoja na vile vipimo vingine. Akikuuliza kwa nini Mungu aliruhusu kinga ya wengi iwe maumivu ya mwanawe, usimpe hotuba. Mimi nilimsomea Warumi 8:22, kwamba viumbe vyote vinaugua pamoja, nikakaa naye.

Panapouma

Litafika swali la Adamu na dhambi, na Warumi 5, panaposema kwamba kwa mtu mmoja dhambi iliingia ulimwenguni, na kwa dhambi hiyo mauti. Hapa Wakristo waaminifu hawajakubaliana, na mtoto anastahili kuambiwa hivyo. Wapo wanaomwona Adamu kama mtu halisi ambaye Mungu alimwita kati ya wengi, kama alivyomwita Abrahamu. Wapo wanaomwona kama habari ya kila mmoja wetu. Mimi naelekea kwa wa kwanza, lakini siwezi kumfukuza ushirika anayeelekea kwa wa pili. Kuhusu mauti, nionavyo, tazama kwamba Adamu aliambiwa siku atakayokula atakufa hakika, akala, na hakuanguka chini siku hiyo. Aliondolewa mbele za Mungu. Mauti hayo ndiyo Kristo aliyokuja kuyavunja. Wanyama walikuwa wakifa zamani: dinosaria, ile mijusi mikubwa ya kale ya Tendaguru, kule Lindi, ilizikwa takribani miaka milioni 150 iliyopita.

Ndugu zetu Wakatoliki wamelishughulikia hili mapema. Papa Pius XII aliruhusu mwaka 1950 lichunguzwe, akisisitiza kwamba roho ya mtu huumbwa na Mungu moja kwa moja, na mwaka 1996 Yohane Paulo II alisema nadharia ya mageuko si dhana tu. Majina pia husaidia vijana: Gregor Mendel, aliyetufundisha urithi kwa njegere, alikuwa mtawa, Georges Lemaître, aliyetangulia kueleza kwamba ulimwengu ulianza kutoka kitu kimoja na kupanuka, alikuwa padri, Francis Collins, aliyeongoza mradi wa kusoma vinasaba vyote vya binadamu uliokamilika mwaka 2003, ni Mkristo anayelisema hilo hadharani. Ila usiwarundikie majina. Imani haikopeshwi.

Akija mwalimu wa sayansi anayesema maabara imethibitisha hakuna Mungu, huyo naye mrekebishe kwa upole uleule. Hakuna kifaa cha kupimia hilo.

Na mchungaji umwone kabla ya safari ya Olduvai, si baada. Mwombe aje. Wa kwetu alisita, akauliza maswali wiki mbili, mwishoni akapanda basi, akakaa kiti cha nyuma pamoja na vijana.

Yule binti nilimwambia mtihani wa historia unauliza wataalamu wamegundua nini, aandike hivyo bila hofu, hajamkana Bwana. Jumapili iliyofuata alisoma somo la kwanza, Mwanzo 1, sauti ikitetemeka kidogo. Alipofika "Nchi na izae" alisimama, akanitafuta kwa macho kati ya watu, kisha akaendelea.